Mtu wa Kubadilisha Tona

Msimu wa mahafali ukipita, nyumba nyingi za Ibadakuli huwa na kikao kinachofanana. Kijana amerudi na stashahada ya kompyuta kutoka Dodoma, Mwanza au Arusha, amekaa sebuleni na kompyuta mpakato iliyopasuka kioo pembeni, na wakubwa wanamwamulia maisha. Mjomba aliyefanya kazi mgodini enzi za Buzwagi anasema aende Dar es Salaam, huku hakuna kitu. Kaka yake aliyeko Mwanza anasema kwa simu, sauti imewekwa juu ili wote wasikie, kwamba dunia ya leo ni usalama wa mtandao na kuandika programu, mengine ni kupoteza muda. Mama anauliza taratibu kama mtoto hawezi kuanza na ile steshenari ya barabara ya uwanja wa ndege, maana mwenyewe anatafuta mtu. Wanacheka. Mjomba anatoa hukumu: "Dada, mtoto hakusoma miaka mitatu ili awe mtu wa kubadilisha tona."

Mimi ni mtu wa kubadilisha tona. Nimezibadilisha kwa miaka mingi, katika ofisi zenye viyoyozi na katika vibanda vya bati, na kwa maoni yangu mwenye akili katika kikao kile alikuwa mama. Waliobaki walikuwa wanarudia maneno ambayo kwa wahitimu wetu sasa yamekuwa kama dini: kwamba kuhudumia kompyuta za watu ni kazi ya waliokwama, ngazi ya chini ambayo mwerevu huiruka, kwamba Shinyanga na Geita hakuna TEHAMA, kuna ng'ombe, pamba na mashimo ya dhahabu, na kwamba kwa vyovyote akili mnemba inakuja kuifuta kazi yenyewe. Nayapinga yote, na nitayapinga bila mpangilio mzuri, kwa sababu hata yenyewe hayakuja kwa mpangilio.

Mwaka 1965 serikali yetu ilifunga kompyuta yake ya kwanza, katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, mashine ya kampuni ya Kiingereza. Miaka tisa baadaye, 1974, serikali hiyohiyo ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Vijana wakisikia habari hii hucheka, wakadhani ni ukale wa enzi za Ujamaa. Wangeuliza kilichotokea katikati, kicheko kingeisha. Hesabu za serikali zilizohamishiwa kwenye mashine zilivurugika, fedha za kigeni zikateketea, na waliojua kuzinyoosha walikuwa wageni wachache wenye mikataba ya muda. Mgeni akipanda ndege, ujuzi ulipanda naye. Nchi ikaona heri ifunge mlango.

Kwangu mimi hilo ndilo somo la kwanza la historia ya kompyuta Tanzania, na ajabu ni kwamba kijana anaweza kumaliza shahada bila kulisikia. Mashine ilikuwepo, fedha ya kuinunua ilipatikana, umeme ulikuwepo. Hakukuwa na watu wa kutosha wa kukaa nayo Jumatatu asubuhi inapogoma.

Sasa tuje nyumbani. Ibadakuli ni kata ya Manispaa ya Shinyanga, na anayepita haraka ataona uzio wa minyaa, majaruba ya mpunga na vumbi. Lakini hapahapa ndipo ulipo uwanja wa ndege wa mkoa. Hapahapa pia, kwenye kituo cha kupoza umeme cha TANESCO, ndipo inapofikia laini kubwa iliyojengwa kwa kiwango cha kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida, kilomita 670. (Kwamba umeme wote huo unatua hapa na bado steshenari za jirani huzimika jioni, hiyo ni makala nyingine.) Upande mmoja kuna Mwadui, ambako John Williamson alivumbua almasi mwaka 1940. Upande mwingine barabara inakwenda Kahama, Bulyanhulu na Geita, ambako mgodi mkubwa umekuwa ukitoa dhahabu tangu 2000. Nani anadhani mashimo haya yanachimbwa kwa sururu na hesabu za vidole? Geti la mgodi hufunguka kwa kadi, na nyuma ya kadi kuna seva. Lori linapopita kwenye mizani, sampuli inapopelekwa maabara, zamu moja inaposhuka chini ya ardhi na nyingine ikipanda, vyote vinaandikwa kwenye kompyuta ambayo mtu fulani ameshaitwa usiku kuja kuiamsha.

Wala si migodi mikubwa peke yake. Tangu soko la dhahabu la Geita lifunguliwe mwaka 2019, hata mchimbaji mdogo aliyelala kwenye duara wiki mbili anauza gramu zake kwenye chumba chenye mizani ya kidijitali, kompyuta na printa, na mrabaha wa serikali unakatwa humohumo. Mashine za risiti za EFD ziko madukani tangu 2010. Mfumo wa malipo ya serikali ulipoanza 2017, kila ada, faini na leseni ikawa haina budi kupitia ile namba ambayo hata bibi wa Kishapu anaiita kontroli namba. Hospitali ina mfumo wake, halmashauri ina mingi hata watumishi wenyewe wanaichanganya. Na kila mmojawapo husimama. Ukisimama, yule binti wa dirishani hutamka maneno matatu ambayo nchi nzima inayajua: mfumo uko chini.

Maana yake nini? Mara nyingi hayana maana yoyote. Ni kama kusema mtoto anaumwa.

Siku moja niliitwa kwenye steshenari moja hukuhuku kwetu. Ilikuwa siku ya mwisho ya tangazo la kazi serikalini, na vijana walikuwa wamepanga foleni kutuma maombi. Mashine moja kati ya mbili ilikuwa inakataa kufungua tovuti yoyote ya maana. Mwenye duka alishamlaani mtoa huduma ya intaneti, akanunua bando jingine, halafu jingine tena. Kijana mmoja kwenye foleni, mwenye shahada, alishauri Windows ifutwe ipigwe upya. Mimi nilitazama pembe ya chini ya kioo. Tarehe ilisema Januari 2012.

Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayotunza saa wakati mashine haina umeme. Ile ilikuwa imekufa. Umeme ulikatika asubuhi, uliporudi mashine ikaamka ikidhani ni 2012, na kila tovuti ilipoonyesha hati yake ya usalama, mashine ikaona hati ya wakati ambao haujafika. Ikazikataa zote, kama karani mwaminifu. Nilirekebisha tarehe kwa mkono, foleni ikaenda. Betri ikaja kutoka mjini jioni kwa bodaboda, kwa bei isiyofika sahani ya wali na nyama.

Yule kijana mwenye shahada hakuwa mjinga. Nina hakika kuhusu hati za usalama alijua kunizidi, pengine aliziandikia mtihani. Tatizo ni kwamba alijua jambo na hakuwahi kulikuta. Kuna tofauti kati ya kusoma habari za nyoka na kumwona kwenye nyasi, na tofauti hiyo huipati chuoni, huipati Dar es Salaam kwa sababu ni Dar es Salaam; unaipata kwa kuitwa mara mia mbili kwenye vitu vilivyogoma. Huku kwetu vinagoma kila siku. Vumbi la Shinyanga linaingia kwenye feni, joto la Oktoba linamalizia. Umeme unaruka na kuua pawasaplai. Panya wanakula waya za mtandao darini na radi ya Novemba inapita kwenye mnara hadi kwenye rauta. Wanaosema hapa hakuna kazi wanaishi juu ya mgodi wa hitilafu na hawauoni.

Kuna jambo lingine ambalo darasani halifundishwi, kwa sababu darasa ni la Kiingereza na mteja ni wa Kiswahili, na ukienda Tinde au Mwamalili mteja ni wa Kisukuma. Mteja hakuletei hitilafu. Anakuletea malalamiko, na kazi yako ya kwanza ni kuyasikiliza kama tabibu wa hospitali ya Kolandoto anavyomsikiliza mzee anayesema mwili wote unawaka. Maneno ya wateja yana maana kamili kwa anayeyajua. Akisema "imeganda", kipanya hakisogei: nenda kwenye joto, kumbukumbu au diski inayokufa. Akisema "inazunguka tu", kipanya kinasogea ila kile kiduara hakiishi, basi mashine ni nzima, inasubiri kitu ambacho hakiji, na mara nyingi ni mtandao. "Haisomi" ni flashi. "Imezima" ndilo neno la hatari kuliko yote, maana lina magonjwa matatu ndani yake: huenda haina umeme kabisa, huenda kioo peke yake ndicho kimekufa, huenda imelala tu na ingeamka ukigusa kitufe. Ukikosea hapo unapanda bodaboda bure. Kwa hiyo unauliza. Mwangaluka mayu, kuna taa yoyote inawaka? Feni unaisikia?

Na kuna "imeingiliwa na virusi". Virusi ndio majini ya kompyuta: hubebeshwa kila kisichoeleweka. Nimewahi kuitwa kutoa virusi kwenye mashine ambayo mtoto alikuwa amemwagia chai.

Baada ya maneno zinakuja hatua, na hatua hizi ndizo ningependa kila mhitimu azijue kama anavyojua njia ya kwenda kwao. Mtandao ukikatika, usikimbilie kumpigia mtoa huduma. Angalia anwani ya mashine. Ikianza na 169.254, mashine imejipa jina yenyewe kwa kukosa wa kuipa. Tatizo liko kati yako na rauta, tafuta waya uliong'oka au swichi iliyozimwa na mfagizi. Ikiwa anwani ni nzuri, ita rauta. Ikijibu, ita cha nje, 8.8.8.8. Hicho kikijibu na tovuti bado hazifunguki, mtandao upo, kinachokosekana ni anayetafsiri majina kuwa namba. Dakika mbili, na badala ya kusema mfumo uko chini unaweza kusema uko chini wapi. Ofisi nzima hunyamaza ikikusikia.

Sasa nirudi kwa mjomba, kwa sababu anayo hoja moja nzito na nisipoikabili nitakuwa nadanganya. Kazi hii inalipa vibaya. Kijana akianza kwenye steshenari hupewa fedha ya kula, na akiingia ofisini kwa kile tunachokiita kujitolea, hupewa nauli siku wakikumbuka. Mimi mwenyewe nilijitolea katika ofisi moja miezi kumi na minne. Nilivuta waya za jengo lote, nikajua nywila za wakubwa kuliko majina ya watoto wao, na nafasi ilipotangazwa akaletwa mtu mwingine ambaye wiki yake ya kwanza nilimwonyesha mimi seva ilipo. Sitaitaja ofisi hiyo. Hasira nilishaimaliza, ingawa nikipita pale natazama bado zile waya kama zimefungwa vizuri.

Lakini tazama kinachofanyika hapo. Mjomba anaona malipo madogo, anahitimisha kwamba kazi ni ndogo. Kwa kipimo hicho mwalimu wa darasa la kwanza naye ni mtu aliyekwama. Malipo madogo ni kosa la mlipaji, na mlipaji anapona kwa sababu hata sisi wenyewe tumekubali kuiita kazi yetu ya kubadilisha tona. Mwajiri anayetangaza nafasi ya kuanzia na kudai uzoefu wa miaka mitatu anataka mtu mwingine amlipie gharama ya kufundisha. Anayemweka mhitimu mwaka mzima bila mkataba anajua thamani ya kazi yake. Ndiyo maana hamruhusu aondoke.

Nawaambia vijana wanaokuja kwangu kufanya mafunzo kwa vitendo: kujitolea kuwe na mwisho ulioandikwa, miezi mitatu basi, na siku ya mwisho udai barua inayosema ulifanya nini, si barua inayosema ulikuwa na tabia njema. Halafu usisubiri ajira moja kubwa. Steshenari tano, maduka mawili ya dawa, shule moja binafsi na saluni yenye kamera, kila mmoja akikulipa kiasi kidogo kwa mwezi ili akiamka na tatizo ajue wa kumpigia, hiyo ni ajira, ila haina geti. Wapo wanaoishi hivyo. Hawapigi picha za ofisini kuweka mitandaoni, ndiyo maana mjomba hawajui.

Kuhusu vyeti sitasema mengi. CCNA ni cheti kizuri, A+ nacho ni kizuri kwa anayeanza, na migodi huvitaja kwenye matangazo yake. Lakini mitihani hiyo hulipiwa kwa dola, na nimeona familia ikiuza ng'ombe ili kijana apate cheti kabla hajawahi kufungua kompyuta hata moja kwa bisibisi. Cheti ni kama leseni ya udereva: trafiki anaitaka, gari haliijui. Uza ng'ombe baadaye, ukishajua unachotaka kuthibitisha.

Na Dar es Salaam? Atakayekwenda aende. Atakuta wahitimu wengi kama yeye, na akipata nafasi atapewa kipande kimoja cha kazi: kupokea simu za bidhaa moja, au kufunga king'amuzi cha aina moja, mwaka mzima. Katika mji mkubwa kazi imegawanywa kama nyama buchani. Huku mtu mmoja anachinja, anachuna, anauza. Asubuhi EFD ya mfanyabiashara wa Ngokolo, mchana printa ya zahanati, jioni unapanda kwenye paa kuelekeza antena ya shule. Mwaka mmoja wa hivyo ni mrefu. Kanuni za madini za 2018 zinaitaka migodi itangulize Watanzania katika ajira na zabuni, na mkandarasi anayetafuta mtu wa kupeleka mgodini usiku wa Jumapili anatafuta ambaye hatamwuliza mtu. Mjomba mwenyewe ni shahidi. Buzwagi ilipofungwa mwaka 2021, aliyetoka na ujuzi mikononi alitoka na kitu. Aliyetoka na cheo alitoka na kofia ngumu, nayo iko juu ya kabati mpaka leo.

Hoja ya akili mnemba ndiyo inayonichosha zaidi, kwa kuwa huletwa na watu ambao hawajaangalia kilichotokea juzi tu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari na intaneti ya Tanzania ikayumba nchi nzima. Asubuhi iliyofuata simu yangu iliita tangu watu walipoamka. Kila ofisi ilidhani ni rauta yake. Waliokuwa na mtu wa kompyuta anayejua kazi waliambiwa mapema waache kuchomoa waya, wafanye yanayowezekana bila mtandao, wangoje. Wasiokuwa naye walifomati mashine, wakapoteza na mafaili. Akili mnemba yenyewe ilikuwa ng'ambo ya bahari, na haikuweza kumwambia mtu wa Shinyanga kwamba bahari imekatika.

Miezi miwili baadaye, 19 Julai, kampuni ya usalama ya Marekani iitwayo CrowdStrike ilituma faili moja bovu la masasisho. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliangushwa. Viwanja vya ndege vikaandika pasi za kupandia kwa mkono, hospitali zikaahirisha matibabu ya wagonjwa. Na tiba? Mtu aende kwenye mashine, aiwashe katika hali salama, atafute faili, alifute, aiwashe tena. Halafu mashine inayofuata. Kwa siku kadhaa makampuni makubwa ya dunia yalitegemea watu wanaotembea kati ya madawati wakiwa na karatasi ya maelekezo. Watu wa kubadilisha tona.

Sisemi akili mnemba haina kazi. Naitumia, hunisaidia kusoma ujumbe wa hitilafu nisioujua. Lakini lazima kwanza uwe na cha kuiuliza, na yule binti wa dirishani ana maneno yake matatu tu.

Kaka wa Mwanza anapenda usalama wa mtandao, na kwa kweli nafasi zipo. Ila aniambie usalama huo unaanzia wapi kama si kwenye karatasi ya njano iliyobandikwa chini ya kibodi, yenye nywila ya mhasibu. Nani anaiona karatasi hiyo? Aliyeinama kutafuta waya. Nani anajua kwamba ofisi nzima inatumia akaunti moja ya mtumishi aliyehama? Nani anakabidhiwa mashine yenye picha za harusi, mishahara ya wafanyakazi na majibu ya vipimo vya watu, anaachwa nayo peke yake chumbani usiku kucha? Tangu kutungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jambo hilo lina jina kisheria, lakini mafundi wengi wa vibandani hawajawahi kulisikia, na wapo wanaonakili picha za wateja na kuonyeshana. Hao ndio wanaoharibu jina la kazi kuliko tona elfu. Kama unataka usalama wa mtandao, anza kwa kuwa mtu ambaye mama lishe anaweza kumwachia simu yake bila kuifuta kwanza. Na kwa kuwa nimegusa maadili niseme na la kwangu: Windows nyingi nilizopiga miaka ya mwanzo hazikuwa na leseni, mteja alijua na mimi nilijua, na hakuna kati yetu aliyelala vibaya. Siku hizi namwambia mteja bei halisi kwanza. Wengi wanakwenda kibanda cha pili.

Wanaotaka kuandika programu nao sina ugomvi nao, ila nina ombi. Hapa kwetu kuna watu wanaitwa Ng'washi na Ng'wandu. Kwenye cheti cha shule ameandikwa kwa ng', kwenye kitambulisho karani ameandika Mw, na kisanduku cha fomu mtandaoni kinakataa alama ya ritifaa kana kwamba ni kosa la jinai. Nimemwona mzee akisafiri mara tatu kutoka kijijini kwa sababu ya kijialama hicho. Aliyetengeneza fomu ile hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kukaa dirishani Shinyanga hata wiki moja. Kijana aliyekaa, akiandika programu kesho, mstari wa kwanza atakaoujaribu ni jina la bibi yake.

Yule kijana wa kikao alianza pale steshenari, kwa taarifa yenu. Si kwa sababu ya hoja zangu. Mama alimpeleka tu asubuhi, kama alivyompeleka darasa la kwanza. Nilimpa daftari kubwa la kaunta na kalamu, nikamwambia kila tatizo aandike mteja alisema nini, yeye aliona nini, alijaribu nini, kilichofanya kazi ni kipi, na alidhani nini kabla hajajua. Hicho cha mwisho ndicho kigumu, maana kinaaibisha. Ukurasa wake wa kwanza una neno "virusi" mara nne. Ukurasa wa tisa halimo hata mara moja. Juzi, nikiwa nimekaa kwenye benchi pale nje nikisubiri bodaboda, simu ya duka iliita, zahanati, mama wa mapokezi anasema printa haitoi na wagonjwa wamejaa. Nilinyoosha mkono nipokee. Akageuka, akaibana simu kwa bega, akavuta daftari.

"Shikamoo mama. Hapo mbele kuna taa inawaka? Ya rangi gani?"